Kratos alisamehewa, majinamizi yakabaki

Mwishoni mwa gemu ya kwanza ya God of War, iliyotoka Machi 2005 kwa mashine ya PlayStation 2, miungu wa Ugiriki wanamsamehe Kratos. Amewatumikia miaka kumi, akifanya kila kazi waliyomtuma, na ya mwisho ilikuwa kumuua Ares, mungu wa vita aliyemharibia maisha. Msamaha unatolewa kama ulivyoahidiwa. Lakini Kratos hakuhangaika miaka yote hiyo kwa ajili ya msamaha peke yake. Alitaka majinamizi yamtoke, alale bila kuona tena alichokitenda. Athena anamwambia kwamba hilo halikuwamo kwenye ahadi. Kratos anapanda jabali refu kuliko yote na kujirusha baharini.

Alichokitenda ni hiki. Alikuwa jemadari wa Sparta, kijana mwenye uchu wa ushindi. Siku jeshi lake lilipozidiwa na adui akawa tayari kummaliza, alimwita Ares na kumwahidi maisha yake yote endapo angemwokoa. Ares alikubali, akampa mapanga mawili yenye minyororo iliyounguzwa hadi ikashikamana na mikono yake. Tangu hapo Kratos alichoma miji na vijiji kwa jina la bwana wake, mpaka usiku alipoingia kwenye hekalu la Athena katika kijiji kimoja na kuua wote waliokuwamo. Wawili kati yao walikuwa mkewe Lysandra na binti yao Calliope. Ares ndiye aliyewaweka mle kwa siri, ili askari wake asibakiwe na nyumba ya kurudi. Bibi mtabiri wa kijiji kile alimlaani: majivu ya mke na mtoto yagandamane na ngozi yake yasitoke kamwe. Weupe ule wa Kratos, anaoujua kila aliyewahi kusubiri zamu yake kwenye kibanda cha gemu huku wakubwa wameshika pedi, ni majivu ya familia yake.

Wengi tuliujua ule weupe miaka mingi bila kuijua habari hii. Kelele za kibandani hazikuruhusu kusikiliza stori, na Kiingereza cha miungu wale kilikuwa kigumu. Tulichokiona ni mtu mwenye hasira asiyeshindwa.

Kati ya gemu ile na sehemu iitwayo Valhalla, iliyotolewa Desemba 2023, imepita miaka 18. Katika muda huo studio ya Santa Monica ya Marekani imefanya jambo ambalo sijaona likifanywa kwa uvumilivu kama huu katika filamu wala tamthilia za televisheni. Imemchukua mhusika mmoja, ikakataa kumfutia hata tendo moja, ikauliza: kama msamaha wa kutoka juu haukumponya, ni nini basi kitakachomponya? Naamini swali hilo limejibiwa vizuri, na gemu ililiweza kwa sababu ya kitu ambacho sanaa nyingine hazina: mkono wa mchezaji.

Tuukumbuke mkono huo ulivyotumika. Ndani ya hekalu la Pandora, katika gemu ya 2005, kuna askari aliyefungwa kwenye kizimba. Anaomba afunguliwe. Njia ya kwenda mbele inataka kafara ya mtu, na anayesukuma kizimba kile hatua kwa hatua hadi kwenye moto ni wewe mwenye pedi. Usiposukuma, gemu haiendelei. Katika gemu ya tatu ya mwaka 2010, Kratos anamuua Poseidon, na kamera inakuweka ndani ya macho ya Poseidon mwenyewe huku ukibonyeza vitufe ili vidole gumba vimtoboe. Kuna pia mwanamke anayeburutwa huku akilia, kisha akatumika kama kizuizi cha gurudumu ili lango lisijifunge. Na kuna Helios, mungu wa jua, aliyeng'olewa kichwa kikageuzwa taa ya kumulikia vichochoro.

Kila mungu anapokufa, ulimwengu unapata pigo. Bahari inafunika nchi, maradhi yanasambaa, jua linazimika. Kratos anamalizia kwa kumpiga Zeus, baba yake, mpaka skrini inajaa damu, na gemu inakuacha uendelee kupiga utakavyo, kwa kuwa haisimami mpaka wewe uache kubonyeza. Kisasi kimekamilika na hakuna kilichopona. Nasikitika kwamba wakati ule tulishangilia tu, kwa sababu yote niliyoyataja yalikuwa yakiandika hati ya mashtaka ambayo ingekuja kusomwa baadaye.

Yupo daktari wa magonjwa ya akili wa Boston, Jonathan Shay, aliyewatibu askari wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Mwaka 1994 alitoa kitabu, Achilles in Vietnam, akiyaweka maneno ya wagonjwa wake bega kwa bega na habari za mashujaa wa Kigiriki katika Iliad ya Homer. Hoja yake ilikuwa kwamba hofu ya kifo haitoshi kueleza kiwewe cha askari wengi. Wapo walioumizwa zaidi na usaliti: mwenye mamlaka aliyewaamuru alivunja kile walichokiamini kuwa haki. Watafiti waliomfuata walipanua fikra hiyo iwaingize pia wanaoteswa na yale waliyoyatenda kwa mikono yao wenyewe. Ni jeraha la dhamiri. Mwenye jeraha hilo hafaidiki sana kwa kuambiwa kwamba sasa yuko salama, maana hatari anayoiogopa iko ndani yake.

Kratos amebeba yote mawili. Alisalitiwa na Ares, na panga lilikuwa mkononi mwake. Ndiyo maana naona msamaha wa Olympus ulikuwa hauna maana tangu mwanzo: waliomsamehe si waliouawa, na wao wenyewe walinufaika na damu ile.

Aprili 2018 Kratos alirudi, mzee, ndevu zimemjaa, akiishi msituni katika nchi za kaskazini ambako miungu ni Odin na Thor. Aliyeongoza kazi hiyo ni Cory Barlog, aliyekuwa amepata mtoto wa kiume muda si mrefu kabla. Kratos naye ana mtoto, Atreus. Gemu inaanza siku ya msiba: mke, Faye, amefariki, na wosia wake ni majivu yake yakamwagwe kwenye kilele kirefu kuliko vyote katika malimwengu yote tisa. Kwa hiyo mtu mwenye majivu ya mke wa kwanza mwilini anafunga safari na majivu ya mke wa pili kiunoni. Hakuna mhusika anayelitaja hilo kwa mdomo.

Mikono yake imefungwa vitambaa kuanzia vifundoni hadi kwenye kiwiko, kuficha makovu ya ile minyororo. Mapanga ameyazika chini ya sakafu ya nyumba. Mtoto hajui kwamba baba yake ni mungu, wala kwamba yeye mwenyewe ana damu hiyo. Na anaugua. Freya, mchawi wa msituni ambaye ni mungu aliyejificha kama Kratos, anasema waziwazi ugonjwa umetoka wapi: mtoto ni mungu anayejidhani mwanadamu, na mwili wake unapigana na uongo huo. Siri ya mzazi imekuwa homa ya mtoto.

Hapa waandishi wangeweza kuchukua njia rahisi, baba aseme ukweli na mtoto apone. Kratos anasema ukweli nusu. Anamwambia Atreus kwamba wao ni miungu, bila kumwambia uungu ulimgharimu nini. Mtoto anavimba kichwa, anajibu watu kwa kiburi, na anamchoma kisu Modi, mwana wa Thor, ilhali baba amemkataza. Saa kadhaa za gemu tunatembea na mtoto tusiyemtambua. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi nzima, ingawa si ya kufurahisha kuicheza, kwa kuwa inaonyesha kwamba ukweli uliochujwa ili kulinda heshima ya mzazi nao ni sumu.

Ukweli wote unakuja baadaye, juu ya maiti ya Baldur.

Baldur ni mwana wa Freya. Alipozaliwa mama yake alioteshwa kwamba atakufa kifo cha bure, akamfanyia uchawi wa kumkinga. Tangu siku hiyo hakuna silaha iliyomwumiza, na hakuna kitu kingine alichokihisi: ladha ya chakula, baridi ya theluji, mguso wa mtu. Miaka mia aliishi hivyo, akimchukia aliyempenda hadi kumzika hai. Uchawi unapovunjika kwa bahati, kwa ncha ya mistletoe iliyokuwa kwenye mkanda wa Atreus, Baldur anachekelea maumivu kama zawadi. Kisha anamkaba mama yake shingo. Freya yuko tayari kufa, kama kifo chake kitamtuliza mwanawe. Kratos anaingilia na kumvunja Baldur shingo.

Amemwokoa mama kwa kumuua mwana mbele ya macho yake, bila kumuuliza. Freya anaapa kumwangamiza. Hapo Kratos anafunguka kwa Atreus: alifanya mapatano na mungu yaliyomgharimu roho, aliua waliostahili na wengi wasiostahili, na alimuua baba yake mzazi. Atreus anauliza kama hivi ndivyo mambo yao huishia siku zote, watoto kuua wazazi. Wanapokaribia kilele, anavifungua vile vitambaa na kuviacha viende na upepo. Makovu yanabaki wazi.

Gemu hiyo ilishinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2018, na wengi walizungumzia kamera yake isiyokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Sina neno juu ya kamera. Lililobaki nami ni Freya.

Gemu iliyofuata, Ragnarök, ilitoka tarehe 9 Novemba 2022, ikiongozwa na Eric Williams. Majira ya baridi yasiyokwisha yameikamata nchi, na Freya amekuwa akiwawinda Kratos na mwanawe tangu siku ile. Dakika za mwanzo kabisa anawashambulia wakiwa kwenye kigari cha kuvutwa na mbwa mwitu. Mchezaji anatakiwa ajikinge asimdhuru, na hilo ni gumu, maana gemu zilizotangulia zilikuzoeza kumaliza kila anayekurukia.

Baadaye Freya anakuja na sharti. Odin, aliyekuwa mumewe, alimfunga kwa uchawi asiweze kutoka Midgard, nchi wanamoishi; Kratos amsaidie kuuvunja, kisasi kitangoja. Wanakwenda pamoja hadi Vanaheim, nchi aliyozaliwa. Namna msamaha unavyokuja hapo ndiyo inayonifanya niandike makala hii. Haupo kwenye tamko moja wala kwenye kulia na kukumbatiana. Unakuja kwa vipande, kwenye mazungumzo ya mtumbwini wakati mmoja anapiga kasia, kati ya pambano moja na jingine, na mara nyingi unarudi nyuma. Freya anamwambia Kratos kilichomkera zaidi: alimnyang'anya uamuzi. Kratos hajitetei. Angeweza kusema kwamba alimwokoa, na ni kweli, lakini ananyamaza na kusikiliza. Kisha anafanya kazi aliyokuja kuifanya, na anarudi kesho yake kufanya nyingine.

Si kila kosa lina nafasi hiyo. Mimir, kichwa kinachozungumza ambacho Kratos hukibeba kiunoni, alikuwa mshauri wa Odin, na ili kumfurahisha bwana wake aliwahi kumfunga kiumbe mkubwa wa baharini, Lyngbakr, mafuta yake yatumike kuwashia taa. Huko Svartalfheim unaweza kumfungua minyororo. Ni kazi ya pembeni. Ukiipita gemu haikuulizi. Unapata shida, unavunja pingu zote, unangojea mnyama aogelee zake. Haendi. Amefungwa muda mrefu kiasi kwamba uhuru haumwambii kitu. Mimir anabaki na aibu yake, na Kratos hamwambii kwamba sasa wamelingana.

Kuna gemu nyingine ya kutajwa hapa, kwa kuwa inatuhusu zaidi. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeiandika kutokana na kufiwa na baba yake. Unaweza kuicheza ukisikiliza sauti za Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kijana Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, ataje bei ya kumrudisha baba yake. Zau anataka mfu arudi, Kratos anataka tendo lifutike. Wote wawili wanaomba kisichowezekana, na wote wanalipa bei kubwa kabla ya kukubali. Ila msiba wa Zau hauna lawama ndani yake. Analia na watu wanamwelewa. Wa Kratos hauna pa kuliliwa.

Ndiyo maana Valhalla ilikuwa lazima, ingawa ilitolewa bure kama nyongeza na wengi waliichukulia hivyo. Kratos ameombwa na Freya aingie kwenye baraza la kujenga upya nchi zilizobomoka, ashike nafasi ya mungu wa vita. Hawezi kujibu. Anakwenda Valhalla pamoja na Mimir, na mle ndani unaingia bila zana zako za zamani. Ukifa, unajikuta tena ufukweni nje ya mlango, unaanza upya. Wachezaji wanaufahamu mtindo huu katika gemu nyingi, lakini hapa una maana yake. Mtu mwenye kiwewe anarudia jambo lilelile mara nyingi, na kila anaporudi anaweza kukaa nalo kitambo kidogo zaidi ya jana.

Vyumba vya mle vinageuka Ugiriki. Maadui wa zamani, magofu ya zamani. Halafu kinatokea kichwa cha Helios, na kinazungumza. Kinamkumbusha, kinamkejeli, kinamuuliza anajifanya nani sasa. Kwa mtu aliyecheza gemu ya 2010, Kratos hayuko peke yake kwenye kizimba cha mshtakiwa. Vitufe vile nilivibonyeza mimi. Hakuna mwandishi wa riwaya anayeweza kunifanya niseme hivyo juu ya mhusika wake.

Mwisho wa njia ile kuna kiti cha enzi, na aliyekikalia ni Kratos kijana, mwenye kiburi chake chote. Nilitegemea pambano. Kratos mzee anazungumza naye. Hamtakasi, anamwita mkatili na mwenye kujipenda. Ila anakataa kwamba hayo ndiyo yote aliyokuwa, na anasema kuwa zaidi ya hayo ni wajibu aliokuwa nao tangu zamani. Kisha anakubali kazi. Hajaambiwa na yeyote kwamba deni limefutika. Amepewa watu wa kuwahudumia huku deni likiwapo, na Christopher Judge, anayemtolea sauti, ambaye alishinda tuzo ya uigizaji kwa Ragnarök, anayatamka maneno yale taratibu kama mtu anayeinua mzigo anaoujua uzito wake.

Nina manung'uniko yangu, na sitaki kuyaficha. Lysandra na Calliope wamebaki karibu bila maneno yao wenyewe. Wapo ili mume na baba aumie. Aliyepewa ulimi wa kumshtaki Kratos ni Helios, mungu, si yule askari wa kizimbani wala mwanamke wa langoni, na wao ndio waliokuwa wanyonge zaidi. Na bado, kati ya mazungumzo haya mazito, unapasua maadui kwa mamia na kila shoka linavyotua linanoga mkononi. Gemu inahubiri kuacha silaha huku ikikufundisha kuitumia vizuri zaidi. Sidhani waandishi wamelimaliza hilo. Wamelikaribia pale Thor, baada ya Kratos kukataa kumuua na kumsihi wabadilike kwa ajili ya watoto wao, anapoachia nyundo yake. Odin anamchoma mkuki papo hapo. Anayeamua kupona ndani ya nyumba ya mtesaji wake huwa hatarini kuliko alipokuwa mgonjwa.

Halafu kuna Sindri. Yeye na ndugu yake Brok ni wahunzi waliomtengenezea Kratos silaha, wakampa yeye na mwanawe mahali pa kulala. Zamani Brok aliwahi kufa, na Sindri akamrudisha kutoka kwa wafu pungufu ya sehemu moja ya roho, akamficha jambo hilo. Katika Ragnarök, Odin aliyejigeuza sura anamuua Brok mezani, mbele ya wote. Kabla hajakata roho, Brok anamwambia ndugu yake kwamba alikuwa akijua, na amemsamehe.

Sindri, aliyesamehewa hivyo, hawezi kumsamehe Atreus. Anamwambia kwamba alimpa kila alichokuwa nacho, nyumba, siri na urafiki, na malipo yake ni haya. Anapigana vita vile kwa ajili ya ndugu yake tu, na Atreus anapoifungia roho ya Odin ndani ya gololi, Sindri anaisaga kwa nyundo bila kumwomba mtu ruhusa. Mazishini anaondoka bila kuzungumza na waliokuja. Wachezaji wengi wanataka gemu ijayo imrudishe apatane na wenzake. Mimi nisingependa waharakishe. Hakuna ubaya katika hasira yake. Amepoteza mtu mmoja aliyekuwa naye, kwa sababu ya vita ambavyo havikuwa vyake, na Atreus hajarudi kukaa naye chini hata siku moja.